Kilomita ya 14: uchambuzi wa siku ya mwisho ya msimu

Taa nyekundu ya pikipiki yangu ya theluji iliwaka saa tano na robo asubuhi, kilomita ya 14, uwandani, baada ya njia kutoka kwenye kivuli cha misonobari. Kabla ya taa nilikuwa nimeshasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikajiambia ni beliti inayopeleka nguvu ya injini inachoka tu, nikaendelea. Mtu akishatamani kufika huwa anachagua maelezo yaliyo nafuu.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi. Nimeamua kuiandika siku hiyo kwa sababu tulikuwa wawili, pikipiki mbili za theluji (skii mbele, mkanda wa mpira nyuma unaoisukuma mashine), njia moja, saa moja, jua moja, na iliyoungua ni moja tu. Tena theluji haikuwa imekwisha. Pembeni ya njia, ukikanyaga vibaya, ilikuwa inakumeza mpaka magotini.

Mpango wetu ulikuwa mzuri. Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi 6 chini ya sifuri, na mwishoni mwa msimu kinachotafutwa ni hicho: usiku unagandisha, asubuhi njia inakuwa ngumu na safi, unapita na kurudi kabla jua halijaanza kazi. Tuliahidiana kuondoka saa kumi na mbili, tuzunguke kilomita 40, na saa tatu mashine ziwe juu ya trela. Lakini taa za trela zikagoma. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu, na kuutafuta chini ya trela, umelala chali kwenye tope lililoganda, si kazi ya dakika kumi. Tukaingia njiani saa nne na nusu. Hewa ilikuwa imeshapanda hadi nyuzi 5 juu ya sifuri. Hapo tungeweza kurudi nyumbani. Hakuna aliyelisema, kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aanze.

Sasa niseme mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana kisa chote kimelala hapo. Yangu ina injini ya mipigo miwili, silinda mbili, inapozwa kwa maji. Lakini ukifungua boneti kutafuta rejeta kubwa ya mbele kama ya gari, huioni. Maji yanazungushwa hadi kwenye mabamba ya alumini yaliyofungwa chini ya kiti, ndani ya ile bodi inayofunika mkanda wa mpira kwa juu. Mkanda unapozunguka unarusha theluji juu, theluji inagonga mabamba, inayeyuka, inaondoka na joto. Bila theluji inayoruka hakuna upoozaji wa maana. Chini yake kuna jambo la pili. Mkanda hauendi juu ya magurudumu peke yake. Unateleza juu ya reli mbili, na kila reli imevalishwa plastiki ndefu chini yake. Vishikizo vya chuma vilivyobanwa kwenye mkanda vinasugua plastiki hiyo muda wote mashine inapokwenda. Kinachozuia isiungue ni theluji ile ile: inaingia katikati, inayeyuka, inageuka utelezi. Plastiki ya aina hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na chuma kinachosugua kikavu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hakichukui muda kufika huko.

Kwa hiyo theluji kwetu ni barabara, ni oili na ni rejeta. Hilo nililijua miaka mingi, na ningeweza kumfundisha mtu yeyote. Kulijua hakukunisaidia.

Ndani ya msitu kipima joto kilisoma 54, kama kawaida. Darajani, ambapo mbao zilikuwa wazi, kikapanda hadi 60 kisha kikashuka. Tulipoingia uwandani njia ilibadilika sura. Jua lilikuwa limeipiga sehemu ile wiki nzima, mchana ikayeyuka, usiku ikaganda, hadi ikawa kigae cha barafu ya kijivu chenye kokoto zilizochomoza hapa na pale. Hakukuwa na cha kuruka. Kufikia mwisho wa kilomita ya kwanza kipima joto kilikuwa 71. Nikaongeza moto, yaani mwendo.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, na nilifanya kusudi. Nilifikiri kama mwendesha pikipiki ya barabarani: ukienda mbio upepo utakupoza. Upepo ulikuwa unapiga kifua changu, mabamba yamejificha chini ya kiti, haufiki kabisa. Nilichoongeza ni joto la injini na msuguano wa reli kwa mpigo mmoja. 79, 84, 88, taa.

Nilisimama, mwenzangu akasimama nyuma yangu na kuvua helmeti.

"Kaka, yako inasoma ngapi?" nikamuuliza.

"Sitini na tatu."

"Yangu imefika tisini na moja."

Akainama, akachungulia chini ya mashine yangu, akacheka kicheko kile cha mtu anayekuonea huruma. "Vikwaruzo vyako viko likizo?"

Vikwaruzo ni vyuma viwili vyembamba vyenye springi, kimoja kila reli, vyenye ncha ngumu ya kabaidi. Ukivishusha vinaburuzwa juu ya barafu na kuikwangua, zile chembe zinarukia kwenye mkanda, nyingine zinafika juu kwenye mabamba. Vimetengenezwa kwa siku kama ile. Vyangu vilikuwa vimetundikwa kwenye ndoano zake tangu mwanzoni mwa Januari. Wakati ule theluji ilikuwa tele, havikuhitajika, na ukirudi nyuma navyo vikiwa chini vinaweza kujikunja. Nikavitundika kwa sababu nzuri, halafu sababu ikaondoka, vyenyewe vikabaki vinaning'inia karibu miezi mitatu.

Ingekuwa rahisi kufunga kisa hapo: yeye alishusha, mimi sikushusha. Lakini nilipozitazama mashine zote mbili kwa utulivu, lile tuta la theluji pembeni nikiwa nimelifanya kiti, niliona tofauti ya pili. Yeye ameongeza vigurudumu viwili kila reli, ambavyo mimi sina. Kwenye njia ngumu vigurudumu hivyo vinabeba sehemu ya uzito ambao kwangu unaangukia plastiki. Sasa ukichanganya mambo haya mawili unapotea. Kipima joto cha injini hakijui habari ya vigurudumu. Tofauti ya 63 na 91 ni ya vikwaruzo, na ya mkono wangu wa kulia uliovuta moto. Plastiki iliyoungua ndiyo ina wazazi wawili. Vikwaruzo vingeipa unyevu, vigurudumu vingeipunguzia mzigo. Nani alichangia kiasi gani siwezi kupima, na sijaribu. Ninachoweza kusema ni kwamba vigurudumu vinanunuliwa, na vikwaruzo nilikuwa navyo tayari.

Tukiwa tumekaa pale tukasikia mngurumo unatoka msituni, wa kukatakata, kama wa jenereta ndogo. Ikatokea mashine ya zamani, rangi imepauka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa mkono, mpandaji peke yake. Ikaingia kwenye kigae kile kile kilichonishinda, mwendo wa polepole usiobadilika, ikatupita. Mzee akainua ngumi iliyofungwa, ishara ya kwamba nyuma yake hakuna mwingine, akapotea kwenye kona. Mwenzangu alinitazama, mimi nikatazama skii zangu.

Nilikasirika kidogo, kusema kweli, mpaka nilipofikiri. Injini ile inapozwa na feni. Inakula hewa, haina habari na theluji. Na mashine nyingi za kale mkanda wake unabebwa na safu za magurudumu chini, badala ya reli zenye plastiki. Zile mbili, oili na rejeta, yeye hakuziomba theluji. Alihitaji barabara tu, na barabara ilikuwepo. Ndivyo zilivyoanza. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, nchini Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa sababu theluji ilifunga njia ya hospitali. Mwaka 1937 akapata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, na mwaka 1959 akatoa pikipiki ya theluji ya kwanza ya jina la Ski-Doo, nyepesi, yenye injini ya kupozwa kwa hewa. Alitaka chombo cha kuvuka theluji. Sisi tulikuja kutaka mwendo, na injini zenye nguvu kubwa hazipoi kwa feni, zile springi ndefu zinazoibeba mashine kwa ulaini zinataka reli. Tukapata vyote, na bei yake ni kwamba msimu wetu ni mfupi kuliko wa yule mzee, hata tukipanda njia moja. Ule wangu uliisha kilomita ya 14. Wake sijui uliisha lini, huenda aliendelea hadi alipokutana na nyasi.

Basi, tulitakiwa kurudi. Njia mbili zilikuwepo: kilomita 14 tulikotoka, au kukata ziwa, kilomita 3 hivi, ufike kwenye trela. Hapa nilishawishika kweli. Ziwani kulikuwa na theluji laini juu ya barafu, ningepoa vizuri kabisa, na mashine yangu ilikuwa inaomba hicho tu. Mwenzangu alisema wiki ile watu wa kuvua samaki walitoboa wakakuta barafu ya sentimita 40. Kipimo kinachotajwa sana kwa barafu mpya, ya wazi, ni sentimita 10 kwa mtu anayetembea na 13 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji. Arobaini ni zaidi ya mara mbili. Hesabu inakubali.

Tulishuka hadi ukingoni kwa miguu. Barafu ilikuwa imeachana na nchi kavu, ufa wa maji meusi upana wa kiatu. Nikaokota kipande kilichoelea, unene wa kama shibiri moja, nikakigonga kwa mpini wa koleo, tena si kwa nguvu. Hakikuvunjika vipande vikubwa kama barafu ya Januari. Kilimwagika. Kilisambaratika kuwa vijiti virefu, vyembamba, vya wima, kama mishumaa iliyofunguliwa uzi, vikalia mlio wa vioo. Barafu ya mwisho wa msimu jua linaipenya na kuyeyusha mipaka ya fuwele zake kutoka ndani; unene unabaki, mshikamano unaondoka. Kile kipimo cha sentimita ni cha barafu nyingine.

"Mimi hapo sipiti," mwenzangu akasema.

Sikubishana. Naandika hili kwa sababu katika siku nzima ndio uamuzi mmoja tulioufanya kwa kutazama kitu chenyewe. Mingine yote tuliifanya kwa kutazama namba: nyuzi za usiku, saa, sentimita za wavuvi.

Kurudi kulituchukua saa mbili na nusu kwa njia tuliyoipita kwa dakika arobaini na tano. Nilishusha vikwaruzo, nikaenda kilomita moja, moja na nusu, nikasimama nikarusha theluji kwa koleo juu ya bodi chini ya kiti na juu ya ubao wa miguu, mvuke ukapanda, namba ikashuka, nikaendelea. Palipokuwa na theluji laini pembeni ningeweza kuingia mita chache na kupoa kwa sekunde thelathini. Sikuingia. Uwanda ule ni shamba la mtu, njia inapita kwa ridhaa yake, na mwezi huo chini ya theluji kuna mazao yanayoanza kuamka. Mkanda wenye meno ukipita juu ya ardhi iliyolowa unaacha mfereji ambao mkulima atauona mpaka mavuno. Msimu unaofuata utakuta lango limefungwa, na hujui nani alilifungisha. Tulipoingia tena msituni namba ikatulia 58 yenyewe, bila koleo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mita mia mbili za kivuli zilitosha.

Karakanani nilipata hesabu kamili. Plastiki ya reli ya kushoto ilikuwa imeliwa hadi mstari wa kikomo na kuvuka. Mwisho wake wa mbele, kwenye ule mkunjo, ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena kama nta iliyomwagika mezani. Vishikizo kumi na kimoja vya mkanda vilikuwa na utando mweusi wa plastiki, viwili havikuwepo. Ya kulia ilikuwa imebakiza kiasi, lakini hizi hubadilishwa pamoja. Kilichonitia hofu zaidi ni pistoni. Injini ya mipigo miwili ikizidiwa na joto, pistoni inatanuka hadi ile nafasi nyembamba kati yake na silinda inaisha, inakwaruza, na siku nyingine inakamata kabisa. Nikapima mgandamizo: paundi 122 upande mmoja, 120 upande wa pili, karibu sawa, ishara nzuri. Nikachungulia kwa tochi kupitia tundu la ekzosi, kuta za silinda zilikuwa na alama zake za msalaba bado, hazikuwa zimekwaruzwa. Ile taa ilikuja mapema kuliko nilivyostahili.

Kazi nyingine za kuiweka mashine kwa miezi ya joto ni zile zile za kila mwaka, sitazirefusha. Dawa ya kutunza petroli iliingia kwenye tangi na injini ikanguruma dakika kadhaa ili ifike hadi mwisho wa mfumo, maana petroli yenye ethanoli inanyonya unyevu, na ikikaa ethanoli na maji hujitenga na petroli. Nikanyunyizia oili ya ulinzi ndani ya injini, nikatoa beliti, nikalegeza mkanda, nikainua nyuma yake juu ya stendi usikae umekandamizwa, nikaziba ekzosi kwa sufu ya chuma dhidi ya panya na kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili nikumbuke kuitoa. Grisi tu ndiyo nitaisemea. Nilipobana bomba la grisi kwenye nipeli ya ekseli ya nyuma, kilichotoka kwanza kilikuwa matone ya maji, halafu ute wa kijivu kama maziwa yaliyoharibika, halafu ute wenye chembe za kutu, ndipo mwisho grisi safi ya bluu. Maji yale yalikuwa humo tangu lini? Baridi ilikuwa inayagandisha kila usiku na mimi napanda juu yake kila asubuhi.

Kisha nikaketi na daftari. Msimu huu nimepanda siku 14, kilomita 1,140. Uliopita ulikuwa karibu mara mbili. Zamani ningeandika tarehe ya mwanzo na ya mwisho, kama wanavyofanya wenye mamlaka ya njia: jimbo la Michigan, Marekani, kwa mfano, msimu rasmi wa njia ni kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi. Tarehe inahitajika kwa ajili ya sheria na bajeti, sina ugomvi nayo. Ila majira ya baridi ya 2023–2024, yaliyovunja rekodi ya joto Marekani, tarehe ilikuja na theluji haikuja. Mbio kubwa za skii za Birkebeiner kule Wisconsin zilifanyika kwenye kitanzi cha kilomita 10 cha theluji ya kutengenezwa. Na mwaka kama huu wangu theluji ipo, tarehe ipo, na bado mashine inakuambia hapana. Nikaandika kwenye daftari mambo matatu badala ya tarehe: hewa nyuzi 5, njia barafu tupu uwandani, vikwaruzo juu. Msimu ujao nataka kuwa na safu hiyo kwa kila siku niliyopanda, si siku ya ajali peke yake. Nahisi nitagundua kwamba ule mstari wa nyuzi 71, nilipoongeza moto, niliwahi kuukaribia mara nyingine na theluji ikanisitiri.

Siku kumi baadaye ikaanguka theluji mpya, sentimita 15, nyeupe, ya unga kabisa, juu ya kila kitu. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.

"Umeona nje?"

"Nimeona."

"Twende hata kilomita ishirini. Hii itakwisha saa nne."

Nilikwenda karakanani na kuwasha taa. Ilikuwa juu ya stendi, mkanda umelegea, kitambaa chekundu kwenye usukani, sufu ya chuma ndani ya ekzosi, injini imelowa oili ya ulinzi. Dirishani theluji ilikuwa bado inashuka, taratibu, chembe kubwa zisizo na haraka.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Beliti iko kabatini."

Akanyamaza kidogo. "Na kuirudisha ni dakika ngapi?"

"Tano," nikasema, nikazima taa.